Kompaila Mpya Imetoka: Hamia kwa Hatua, Usihamie kwa Pupa

Vijana wanaojifunza lugha ya programu ya Haskell hapa Gongoni, Tabora, na wenzao wa Isevya, Kiloleni na Ipuli, wamekuwa wakiuliza swali moja: "GHC mpya imetoka. Niiweke leo au nisubiri? Na nikiiweka, programu zangu zitakufa?" Swali hilo halitaisha, kwa sababu GHC, kompaila kuu ya Haskell, hutoa toleo kubwa takribani kila miezi sita. Anayekimbilia kila toleo atamaliza bando na muda wake. Anayeyakataa yote atafika siku akute maktaba anazozihitaji zimeshamwacha nyuma.

Jibu langu ni hili: weka kompaila mpya kando ya ya zamani, ijaribu juu ya nakala ya kazi yako, na usiing'oe ya zamani mpaka mpya ithibitishe kwamba inakutosha. Zifuatazo ni hatua za kutekeleza jambo hilo, pamoja na tahadhari zake.

## Soma namba kabla ya kusoma habari

Namba ya toleo hukueleza mengi ukijua kuisoma.

- Namba mbili za mwanzo ndizo toleo kubwa. Kutoka 9.4 kwenda 9.6 ni kuhama. Kutoka 9.6.6 kwenda 9.6.7 ni marekebisho tu.
- Namba ya tatu ni awamu ya marekebisho. 9.8.1 ndiyo ya kwanza kutoka. 9.8.2, 9.8.3 na 9.8.4 zilizofuata zilirekebisha kasoro zilizogunduliwa na watumiaji.
- Namba ya katikati ikiwa witiri, usiiguse. 9.7, 9.9 na 9.11 ni za watengenezaji wenyewe. Zinazotolewa kwa umma ni za shufwa: 9.6, 9.8, 9.10, 9.12.
- 9.10 si 9.1. Inasomwa "tisa, kumi", nayo ni mpya kuliko 9.8. Wengi hukosea hapa na kudhani wamerudishwa nyuma.
- Ukiona alfa au rc, hilo ni toleo la majaribio. Linafaa kwa mtu anayetaka kusaidia kutafuta kasoro. Kwa kazi ya mteja halifai.

Kila toleo kubwa huja na maktaba yake ya msingi, `base`. GHC 9.4 ina base 4.17, 9.6 ina 4.18, 9.8 ina 4.19, na 9.10 ina 4.20. Andika jozi hizi ukutani, maana nusu ya makosa utakayokutana nayo yatazitaja.

## Nani ahame sasa, nani asubiri

Subiri kama uko katika mojawapo ya hali hizi:

1. Una programu inayotumika kila siku na watu wanaoitegemea. Tuseme umekiandikia chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku programu ya kukokotoa malipo. Masoko ya tumbaku yakiwa wazi, usibadilishe kompaila hata kama mpya inasifiwa na dunia nzima. Ngoja msimu ufungwe.
2. Toleo lililopo ni .1 na hakuna kitu ndani yake unachokihitaji. Ngoja .2 au .3.
3. Seva ya lugha ya Haskell, HLS, haijaanza kuliunga mkono toleo hilo. Bila HLS kihariri chako hakitakuonyesha makosa unapoandika, na anayejifunza ataumia zaidi.

Hama kama:

1. Maktaba unayoihitaji imeacha kuunga mkono kompaila yako.
2. Kuna kasoro inayokusumbua, na taarifa ya toleo jipya inasema imerekebishwa.
3. Umebaki nyuma matoleo makubwa mawili au matatu. Kila unavyochelewa, ndivyo mabadiliko yanavyokulundikia.

Kwa anayeanza leo, ushauri ni mfupi: fungua GHCup, kisakinishi cha GHC, tafuta toleo lililowekwa alama ya `recommended`, uweke hilo. Hilo ndilo lililopendekezwa, na mara nyingi haliwi jipya kuliko yote.

## Maandalizi: bando, umeme na diski

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo ilisimama Unyanyembe, hapa Tabora, ikahesabu mizigo upya na kuajiri wapagazi wengine kabla ya kuelekea Ujiji au kugeukia kaskazini. Nawe fanya hesabu yako hapa, kabla hujaandika amri yoyote.

- Diski. GHC moja ikishafunguliwa hula gigabaiti kadhaa, na maktaba zako zitajengwa upya na kuchukua nafasi nyingine. Ukiwa na chini ya GB 10 zilizo wazi, safisha kwanza.
- Bando. Kupakua kompaila ni mamia ya megabaiti. Panga kufanya hivyo pale intaneti ilipo nafuu, iwe usiku kwa bando la usiku au chuoni.
- Umeme. Kujenga maktaba upya kunaweza kuchukua saa nzima au zaidi kwenye kompyuta mpakato ya mtumba. Chaji ijae kabla hujaanza.
- RAM. Ukiwa na GB 4, tumia `cabal build -j1` ili maktaba zijengwe moja baada ya nyingine. Utachelewa, lakini kompyuta haitaganda.

Tenganisha kupakua na kusakinisha. GHCup inakuruhusu:

1. Mahali penye intaneti, andika `ghcup prefetch metadata`, kisha `ghcup prefetch ghc 9.6.7`.
2. Ukifika nyumbani, andika `ghcup --offline install ghc 9.6.7`.

Kwa maktaba za mradi wako, `cabal build --only-download` itazipakua bila kuzijenga. Ukikatikiwa na intaneti katikati ya kazi, utaendelea.

## Hatua za kuhama

Tuchukue mfano wa mradi ulio kwenye 9.4.8 unaotaka kwenda 9.6.7. Fuata mpangilio huu, wala usiruke hatua ya kwanza.

1. Hakikisha mradi unajengeka na majaribio yanapita kwenye kompaila ya zamani. Kama ulikuwa mbovu kabla, baadaye hutajua kosa lipi limeletwa na kuhama na lipi lilikuwepo.
2. Fungua tawi jipya la Git: `git switch -c jaribu-ghc-9.6`. Tawi kuu lisiguswe.
3. Soma mwongozo wa kuhama. Kila toleo kubwa lina taarifa ya toleo na mwongozo wa kuhama kwenye wiki ya GHC. Mwongozo ndio wa kusoma kwanza. Ni mfupi, na umeandikwa kwa ajili yako.
4. Sakinisha kompaila mpya bila kuifanya ya kawaida. `ghcup install ghc 9.6.7` inatosha. Usiandike `ghcup set` bado.
5. Uliza kabla ya kujenga. `cabal update`, kisha `cabal build --dry-run -w ghc-9.6.7`. Amri hii hukuambia kama maktaba zako zinaweza kupatana na kompaila mpya, na haijengi chochote. Ikikataa, umejua ndani ya dakika chache badala ya saa nzima.
6. Jenga maktaba za nje peke yake: `cabal build --only-dependencies -w ghc-9.6.7`. Makosa ya maktaba za watu yasichanganyike na ya kwako.
7. Jenga msimbo wako. Rekebisha kosa la kwanza, jenga tena. Kosa moja la juu linaweza kuzaa makosa ishirini chini yake.
8. Endesha majaribio, kisha endesha programu yenyewe kwa data ya kweli ya zamani na ulinganishe matokeo. Kwenye ile programu ya malipo, chukua msimu uliopita na uone kama kila mkulima anapata kiasi kilekile.
9. Andika uamuzi wako kwenye mradi. Kwenye `cabal.project` weka `with-compiler: ghc-9.6.7`, ili mwenzako asijenge kwa kompaila nyingine bila kujua.
10. Sasa ndipo uandike `ghcup set ghc 9.6.7`. Ya zamani iache ikae wiki kadhaa. Ukiridhika, iondoe kwa `ghcup rm ghc 9.4.8`.

Wanaotumia Stack badala ya cabal wana njia fupi zaidi, kwa kuwa kila mkusanyiko wa maktaba wa Stackage huja na kompaila yake. LTS 21 iko kwenye GHC 9.4, LTS 22 kwenye 9.6, LTS 23 kwenye 9.8. Badilisha mstari wa mkusanyiko kwenye `stack.yaml`, jenga, na ufuate hatua ya 7 na ya 8 kama wengine.

## Makosa yatakayojitokeza, na dawa zake

Mengi yanajulikana, na yanajirudia kwa kila mtu.

"base" imekataliwa. Maktaba fulani imeandika kwamba inakubali base chini ya 4.18, nawe unataka 4.18. Kwanza tafuta toleo jipya la maktaba hiyo. Likikosekana, weka `allow-newer: jina-la-maktaba:base` kwenye `cabal.project`. Angalia: hii huondoa kizuizi tu, haitibu msimbo. Iandike kwa jina la maktaba moja. Ukiandika `allow-newer: all` umefungua milango yote.

`when` au `forM_` haionekani, wakati jana ilikuwepo. Hili huwapata wanaohamia 9.6. Maktaba ya `mtl` inayokuja nayo imeacha kupitisha yaliyomo kwenye `Control.Monad`. Ongeza `import Control.Monad` juu ya faili.

Aina zinakataa kulingana, na msimbo hukuugusa. Anayetoka 8.10 kwenda 9.0 au zaidi hukutana na hili, kwa sababu GHC 9.0 ilirahisisha kanuni za kulinganisha aina zenye `forall`. Mara nyingi dawa ni kuandika hoja waziwazi: badala ya `f`, andika `\x -> f x`. Ukiwa na msimbo mwingi, kuanzia 9.2.4 unaweza kuwasha `DeepSubsumption` kwa muda.

Onyo jipya juu ya `head` na `tail`. Kuanzia 9.8, kompaila huonya kila unapotumia funksheni hizi, kwa kuwa huanguka zikikutana na orodha tupu. Zingatia onyo hilo. Tumia ulinganishaji wa ruwaza ushughulikie orodha tupu kwa makusudi.

`foldl'` ina maana mbili. Tangu base 4.20, yaani GHC 9.10, `foldl'` imo ndani ya Prelude. Kama uliandika ya kwako kwa jina hilohilo, ibadilishe jina au uifute.

## Kosa la watu, si la kompaila

- Kuacha `-Werror` ndani ya faili la `.cabal`. Hugeuza kila onyo kuwa kosa. Onyo la `head` peke yake lingetosha kusimamisha mradi mzima. Liweke kwenye mashine ya majaribio, usilitume kwa watumiaji.
- Kubeba `cabal.project.freeze` ya zamani. Faili hilo limefunga base ya kompaila ya zamani, kwa hiyo mpya haitakubaliwa kamwe. Kwenye tawi la kuhamia lifute, jenga, kisha tengeneza jingine kwa `cabal freeze`.
- Kubadilisha kompaila na maktaba kubwa siku moja. Kikivunjika kitu, hutajua cha kulaumu. Kitu kimoja kwa wakati mmoja.
- Kuruka kutoka 8.10 hadi 9.10 kwa mkupuo. Pitia kituo kimoja au viwili katikati. Miongozo ya kuhama imeandikwa toleo kwa toleo.
- Kufuta kompaila ya zamani ili kupata nafasi kabla mpya haijajaribiwa. Nafasi itafute kwingine. Siku mteja akipiga simu, utaihitaji.
- Kunakili jibu la miaka mitano iliyopita. Ushauri wa 8.6 unaweza kukupoteza kwenye 9.8. Angalia namba ya toleo kwenye kila jibu unalolisoma.

## Kama na wewe una maktaba yako

Ukiwa umechapisha maktaba kwenye Hackage, ghala la maktaba za Haskell, kompaila mpya ikitoka kuna watu wanaokusubiri wewe. Fanya haya:

1. Jenga na ujaribu kwa kompaila mpya, kisha pia kwa zile za zamani unazoahidi kuziunga mkono. Zitaje kwenye sehemu ya `tested-with`.
2. Kama msimbo haukuhitaji kubadilishwa, usitoe toleo jipya kwa ajili ya kupanua mpaka wa base tu. Hackage inakuruhusu kurekebisha mipaka ya toleo lililopo.
3. Kama ulibadilisha kitu ambacho watumiaji wanakitegemea, pandisha moja ya namba mbili za mwanzo. Huo ndio utaratibu wa Haskell, na watu wanauamini.
4. Andika kwenye orodha ya mabadiliko nini kimebadilika na mtumiaji afanye nini. Mistari mitatu ya wazi itamwokolea mtu jioni nzima.

Usiahidi kuunga mkono toleo ambalo hukulijaribu.

## Ukikuta kasoro ya kompaila yenyewe

Mara chache kosa huwa si lako. Dalili kubwa ni neno `panic!` kwenye ujumbe: kompaila imejikwaa yenyewe. Usifunge kompyuta ukasahau. Ripoti, kwa namna hii:

- Punguza msimbo mpaka ubaki mfupi iwezekanavyo huku kosa likiendelea kutokea. Ukifika mistari kumi, umefanya kazi kubwa.
- Andika matokeo ya `ghc --version` na jina la mfumo wa kompyuta yako.
- Bandika ujumbe wote wa kosa kama maandishi. Picha ya skrini haiwezi kutafutwa.
- Tafuta kwanza kama mwingine ameshalileta, kisha fungua taarifa kwenye GitLab ya Haskell.

Kiingereza chako kisikuzuie. Msimbo mfupi unaoonyesha kosa hueleweka na kila mtu.

## Wasiwasi wenu, mmoja mmoja

"Mbona nahisi napoteza muda? Huku kwetu nani anatumia lugha za funksheni?" Wapo. Mwaka 2019 kampuni ya IOHK iliendesha darasa la Haskell jijini Addis Ababa kwa wanawake kutoka Ethiopia na Uganda. Kampuni ya Ona ya Nairobi imeandika sehemu ya mifumo yake ya takwimu kwa Clojure. Na seva za WhatsApp, unayoifungua kila asubuhi, zimejengwa kwa Erlang, lugha iliyozaliwa kwenye maabara za Ericsson miaka ya 1980.

"Kompyuta yangu ni dhaifu." Basi hama mara chache, labda mara moja kwa mwaka, na uchague awamu za mwisho za toleo, kama 9.4.8 au 9.6.7. Mkiwa wawili au watatu wenye mfumo uleule wa kompyuta, mmoja apakue faili la kompaila na wengine walichukue kwa flashi. GHCup inakubali kusakinisha kutoka kwenye faili lililopo tayari.

"Mwalimu wetu anatumia toleo la zamani." Tumia lake kwa kazi za darasa. Matoleo mengi hukaa pamoja bila kugombana, na `-w` inakuchagulia moja kwa kila mradi.

"Nikikwama katikati?" Rudi kwenye tawi kuu na kompaila ya zamani, endelea na kazi za watu, na ujaribu tena toleo la marekebisho likitoka. Kurudi nyuma kumo ndani ya mpango.

## Kwa wasiotumia Haskell

Kanuni ni ileile, amri ndizo tofauti.

- OCaml: `opam switch create 5.2.0` huunda makazi mapya bila kugusa ya zamani. Kuwa makini ukitoka 4 kwenda 5: toleo la 5.0 la Desemba 2022 lilileta utendaji sambamba wa kweli, na baadhi ya maktaba zilihitaji kurekebishwa.
- Elixir na Erlang: hapa unahama vitu viwili. Erlang/OTP hutoa toleo kubwa kila mwaka, kwa kawaida Mei, na Elixir takribani kila miezi sita. Soma kwanza jedwali la ulinganifu wa hizo mbili. Badilisha Erlang, jaribu, kisha Elixir.
- Scala: Scala 3 ilitoka Mei 2021. Kwa kazi ya mteja chagua 3.3, iliyotangazwa kuwa ya kuungwa mkono kwa muda mrefu.

## Fanya hivi wiki hii

1. Andika `ghcup list`, uone unatumia toleo gani na lipi limependekezwa.
2. Chagua mradi wako mdogo kuliko yote.
3. Endesha `cabal build --dry-run` kwa kompaila iliyopendekezwa.
4. Andika kila kosa ulilokutana nalo na dawa yake, umpe mwenzako anayefuata.

Hatua ya nne ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Toleo la .2 huwa imara kuliko .1 kwa sababu kuna mtu alikaa na kosa, akalipunguza, akaliripoti. Hakuna sababu ya mtu huyo kutokuwa wa Gongoni. Ana kompyuta, ana kosa mbele yake, na sasa anajua pa kulipeleka.